Plagi Tatu za Nyuma

Tangu alfajiri wingu zito lilikuwa limejilaza juu ya milima ya Uluguru, na watu wa Morogoro, ambao huusoma mlima kama wengine wasomavyo saa, walikuwa wakianua nguo na kuharakisha shughuli zao. Katika mtaa wa Mafiga, Mwanvita Kibwana alifungua mlango wa gereji yake, akafunga kilemba vizuri, akavaa ovaroli lake la buluu na kuanza kupanga spana juu ya meza. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mzaliwa wa Bigwa, mwenye vidole virefu na maneno machache. Gereji yake ilikuwa bado changa, lakini sifa zake zilikuwa zimekwisha kuvuka mtaa. Watu walisema kwamba gari likitoka kwa Mwanvita halirudi na ugonjwa uleule.

Kabla hajamaliza kupanga vifaa, gari jeupe la abiria liliingia uani likijikokota. Lilitetemeka na kugugumia kama mashine ya kusaga iliyotiwa mahindi mabichi. Aliyeshuka alikuwa mzee mrefu, mkavu, aliyevaa sweta zito la watu wa milimani na viatu vilivyojaa udongo mwekundu.

"Shikamoo, baba," Mwanvita aliamkia.

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Dadi, natoka Nyandira, huko Mgeta. Nimeambiwa kuna fundi hapa asiyefanya mzaha na kazi. Yuko?"

"Ndiye mimi, baba. Karibu."

Mzee Dadi alimtazama kuanzia kilemba hadi buti. Ikiwa alikuwa na shaka, aliimeza. Shida iliyomleta haikumpa nafasi ya kuchagua fundi kwa mavazi.

Alieleza kwamba gari lile ndilo lililokuwa likiwashusha watu wa kijiji chake hadi mjini. Kwa mwezi mzima lilikuwa likipoteza nguvu. Kwenye tambarare lilikwenda kwa kusuasua, lakini mlimani lilikataa kabisa. Jana, kwenye kona kali karibu na Langali, lilizimika likiwa na abiria, ikabidi watu washuke na kuweka mawe nyuma ya magurudumu lisije likarudi bondeni.

"Lingekuwa la kubebea kabichi tu nisingehangaika hivi," mzee alisema, na sauti yake ikashuka. "Nina binti yangu, Juliana. Mimba yake imekomaa. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na safari hii daktari ameona kondo la nyuma limekaa kwenye njia ya mtoto. Amesema Juliana asithubutu kusubiri uchungu akiwa mlimani. Kesho anatakiwa awe amelazwa hospitali ya mkoa. Malori ya mboga hayawezi kumbeba mtu wa hali ile, teksi za mjini zinaikataa barabara yetu, na pikipiki ndiyo kabisa. Na mvua ile, unaiona."

Mwanvita aliinua macho kuelekea mlimani. Aliiona.

Hakupoteza wakati. Aliunganisha mashine ya kupimia, akasikiliza injini, akazima, akawasha tena. Mashine ilionyesha kwamba silinda za upande wa nyuma zilikuwa zikikosa moto.

"Baba, plagi zilibadilishwa lini?"

"Mwezi uliopita. Mafundi wawili wa barabarani waliniambia wameweka plagi mpya na koili mpya, zote."

"Walichukua muda gani?"

"Sikumaliza hata kikombe cha chai."

Mwanvita alitabasamu kwa huzuni, akamwita mzee asogee. Alimwonyesha injini ile ya silinda sita jinsi ilivyokingama kwa upana wa gari. Plagi tatu zilikuwa mbele, mahali peupe, kila moja ikiwa na koili yake ya kuipa umeme juu, na mtu yeyote mwenye spana angeweza kuzifikia. Nyingine tatu zilijificha nyuma, kati ya injini na ukuta wa gari, na juu yake kulikuwa na manifoldi, yaani lile bomba pana linalogawa hewa kwenye silinda. Aliyetaka kuzifikia alipaswa kufungua nusu ya vitu vilivyokuwa chini ya boneti.

"Walikubadilishia za mbele," alisema. "Za nyuma ndizo hizo hizo za siku zote. Gari lako, baba, linapanda mlima kwa mguu mmoja."

Mzee Dadi alishika kiuno, akatikisa kichwa. "Na wewe? Utazifikia?"

"Nitazifikia."

Alilisema jambo hilo bila majivuno, kama mtu anayetaja jina lake.

Kazi ilianza. Mwanvita alitoa wipa na bati lililo chini ya kioo, akafungua mipira ya hewa mmoja baada ya mwingine, akiufunga kila mmoja utepe wa rangi ili wakati wa kurudisha asije akachanganya. Boliti zilizoishika manifoldi kwa nyuma hazikuonekana hata kwa tochi. Ilimlazimu alale chali chini ya gari, apitishe mkono kati ya vyuma, azitafute kwa ncha za vidole kama mtu atafutaye sindano kwenye godoro. Mzee Dadi, aliyekataa kukaa kwenye benchi, alimshikia tochi na kumpa kila alichokiomba. Jasho lilimtoka Mwanvita, na vumbi la breki likamwingia machoni, lakini boliti zililegea. Manifoldi iliponyanyuka, aliziba matundu ya injini kwa vitambaa safi ili hata punje ya mchanga isiingie.

Hapo ndipo plagi za nyuma zilipoonekana. Koili ya kwanza ilipochomolewa ilikuwa na ufa na alama nyeusi ya cheche zilizokuwa zikivuja.

"Mwizi wa kwanza huyu hapa," Mwanvita alisema, akaiweka mkononi mwa mzee.

Plagi iliyokuwa chini yake ilitoka ikiwa imelika ncha. Ya pili vilevile. Mzee Dadi alianza kuchekacheka, na Mwanvita naye akauhisi moyo wake ukiwa mwepesi. Kisha akafika kwenye ya tatu, ile iliyobanwa kabisa na ukuta.

Soketi iliingia, lakini alipoizungusha ilizunguka bure. Alimulika ndani ya shimo, akakunja uso. Kichwa cha plagi kilikuwa kimelika pembe zake zote. Kuna mtu, miaka mingi au miezi michache iliyopita, aliwahi kuijaribu kwa spana isiyo yake, akaiharibu, kisha akaiacha humo na kufunga boneti.

Mwanvita alitia mafuta ya kulainisha, akasubiri. Akajaribu. Soketi iliteleza, mkono wake ukagonga chuma na ngozi ikachubuka. Alijaribu kwa soketi nyembamba, akaigonga ikae sawasawa, ikateleza tena. Alipoinua nyundo kwa mara nyingine aliirudisha chini. Alijua kwamba nguvu ikizidi hapo, plagi ingekatikia ndani, na injini ingelazimika kupasuliwa kwa wiki nzima.

Alipiga simu kwenye maduka ya vipuri, moja baada ya jingine. Hakuna aliyekuwa na soketi ya kung'ata nati iliyolika kwa ukubwa ule. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam alisema angeituma kwa basi, ingefika kesho jioni.

Wakati huohuo simu ya Mzee Dadi iliita. Alisikiliza, akajibu kwa maneno mafupi, kisha akaishusha polepole.

"Ni Juliana. Anasema huko mvua imeshaanza, na tumbo linamvuta kidogo. Anasema nisiwe na wasiwasi." Mzee aliitazama ile injini iliyokuwa wazi. "Mtoto akikwambia usiwe na wasiwasi, ujue ana wasiwasi."

Mwanvita alifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Soketi aliyoitaka ilikuwepo Morogoro, tena si mbali. Alijua umbo lake na uzito wake, maana aliwahi kuishika. Ilikuwa soketi yenye meno kwa ndani, iliyochongeshwa kwa mkereza vyuma, na mwenyewe alikuwa Mikaeli.

Mikaeli ndiye aliyemfundisha kazi. Alikuja Morogoro kutoka Iringa akiwa kijana, akafanya kazi kwenye karakana ya kiwanda, kisha akafungua gereji yake mwenyewe. Mwanvita alipokwenda kwake akiwa binti asiyejua tofauti ya boliti na nati, wengine walicheka; Mikaeli alimpa spana. Alimfundisha kwa miaka mingi. Lakini siku moja ililetwa injini kubwa ambayo Mwanvita alikuwa ameahidiwa kuifungua, na Mikaeli akampa mwingine. Mwanvita alipandwa na hasira. Mbele ya mafundi wote alitupa ovaroli chini na kusema, "Hata siku nikikosa msumari, sitakuja kuuomba kwa mzee ambaye ufundi wake umezeeka pamoja naye!" Watu waliangua kicheko. Tangu siku hiyo, Mwanvita akiwa na safari ya upande ule wa mji, alizunguka njia nyingine.

Mzee Dadi aliisoma shida usoni pake. "Kuna mtu anayo?"

"Yupo."

"Basi nielekeze niende mimi. Mimi ni mtu mzima, nitaomba."

Hilo lilikuwa jambo jepesi, na Mwanvita alilitamani. Lakini alijua kifaa kile hakikutoka mkononi mwa Mikaeli kwenda kwa mtu asiyemjua. Na alijua jambo jingine pia: tusi lililotoka kinywani mwake haliwezi kufutwa na kinywa cha Mzee Dadi.

"Hapana, baba. Safari hii ni yangu. Nilindie gari."

Alikwenda kwa miguu, mwendo wa haraka, ili asipate nafasi ya kubadili nia. Alipoingia kwenye uwanja wa gereji ya Mikaeli, nyundo zilinyamaza moja moja. Fundi mmoja mcheshi aitwaye Yakobo alitoa kichwa chini ya gari na kusema kwa sauti, "Dada Mwanvita! Vipi, misumari imekwisha mjini?"

Kicheko kililipuka. Mwanvita alihisi masikio yake yakiwaka, lakini miguu yake haikurudi nyuma. Alikwenda moja kwa moja hadi mahali Mikaeli alipoketi akisafisha kabureta ya pampu ya maji. Nywele zake zilikuwa zimezidi mvi. Mwanvita alikunja magoti, kama mabinti wa Bigwa wanavyowaamkia wakubwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Naomba tuzungumze pembeni."

Mikaeli aliendelea kusugua chuma. "Siku ile ulizungumza hapa, mbele ya hawa. Kama una neno, mahali pake ni hapahapa."

Mwanvita alipumua, akanyoosha sauti ili hata wale waliokuwa chini ya magari wasikie.

"Fundi Mikaeli, siku ile nilikutukana. Ulikuwa umeniudhi, lakini nilichokisema hakikuwa kweli, na nilikijua si kweli wakati nakisema. Ufundi ninaoringia leo uliuweka wewe mkononi mwangu. Nilikosa, naomba unisamehe." Alimwonyesha mkono uliochubuka. "Na sasa nina gari lenye plagi ya nyuma iliyolika kichwa. Kuna mama mjamzito huko Mgeta anayelisubiri gari hilo. Naomba soketi yako ya meno. Hata ukininyima soketi, ombi la kwanza liko palepale."

Yakobo alirudisha kichwa chini ya gari. Mikaeli aliweka kabureta chini.

"Silinda ipi?"

"Ya mwisho, ukutani."

"Umeitia mafuta?"

"Nimetia, na nimesubiri."

"Injini imepoa?"

"Baridi kabisa."

Mzee yule alisimama kwa taabu, akaingia stoo, akatoka na kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa. Mwanvita alinyoosha mikono miwili kukipokea, lakini Mikaeli hakumpa.

"Soketi hii ina tabia zake. Ukiivuta kwa papara inanyofoa kichwa chote," alisema. "Twende wote."

Walipokaribia Mafiga, Mikaeli alisema, akitazama mbele, "Ile injini nilikunyima kwa sababu nilijua ukishaiweza ile, hutakuwa tena na la kujifunza kwangu. Utaondoka. Basi, ukaondoka mapema zaidi."

Mwanvita alicheka bila kutaka, na mzee naye akacheka.

Gerejini, Mikaeli alimsalimia Mzee Dadi, akachungulia shimo la plagi, kisha akajishika mgongo. "Mimi huko sishuki tena. Mgongo umeniacha mkono. Shuka wewe, Mwanvita. Mimi nitasikiliza."

Mwanvita alipanda juu ya kreti, akajikunja hadi kifua kikagusa injini na shavu likalalia chuma. Aliingiza soketi ya meno, akaigonga taratibu hadi ikakaa, kisha akaunganisha mpini.

"Usifungue kwanza," sauti ya Mikaeli ilisema nyuma yake. "Ikaze kidogo, kwa wepesi wa unyoya. Umesikia imelia?"

"Imelia."

"Sasa rudi nyuma. Kidogo. Simama! Umesikia ule mlio mkavu? Tia mafuta tena. Ngoja. Sasa ikaze tena, halafu rudi."

Waliendelea hivyo, mbele kidogo, nyuma zaidi kidogo. Mgongo wa Mwanvita uliwaka moto, lakini hakuinuka. Mzee Dadi alishikilia tochi kwa mikono yote miwili, midomo yake ikienda bila sauti. Ghafla chuma kilitoa kilio kirefu, na Mwanvita akahisi mpini ukilegea mkononi mwake.

"Imekubali," alinong'ona.

"Polepole. Sasa ndipo wengi huharibu."

Plagi ilitoka nzima, nyeusi kama kaa la mkaa. Mzee Dadi aliipokea kwenye kiganja, akaitazama, akasema, "Kijitu chenyewe ni hiki!"

Wote watatu walicheka hadi jirani akachungulia ukutani.

Mwanvita alisafisha shimo, akaingiza plagi mpya kwa vidole hadi zote tatu zilipokaa bila kulazimishwa, ndipo akazikaza. Aliweka koili mpya, akarudisha manifoldi na gasketi yake mpya ya kuzibia hewa, na kila mpira ukarudi mahali pake kwa kufuata utepe wake. Alipowasha, gari halikutikisika. Lilitoa sauti moja tu, nyororo, na Mikaeli aliinamisha sikio, akasema neno ambalo Mwanvita alikuwa amelisubiri tangu akiwa mwanafunzi wake:

"Hapo sina la kuongeza."

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka mjini. Mwanvita alivua ovaroli, akachukua koti. "Baba, nakwenda nawe. Kazi niliyoifunga kwa mikono yangu nataka niisikilize mlimani."

Waliondoka mchana huohuo. Baada ya Mzumbe barabara ilianza kupanda, na udongo mwekundu ulikuwa umegeuka uji. Lori la njegere lilikuwa limekwama pembeni, dereva wake akiwapungia mkono wasijaribu. Walipofika kwenye ile kona ya Langali, Mzee Dadi alishika usukani kama mtu ashikaye pembe za ng'ombe. Mawe ya jana yalikuwa bado barabarani. Alikanyaga mafuta. Gari lilinguruma, magurudumu yakateleza, yakashika, na injini ikavuta kwa silinda zake zote bila kukohoa, ikawatoa juu ya kona hadi wakaiona Nyandira ng'ambo, na matuta yake ya mboga yamepangana ubavuni mwa mlima.

Mzee Dadi alipangusa uso kwa mkono wa sweta.

Giza na mvua viliwazuia kushuka usiku ule, wakalala Nyandira, na kulipopambazuka walimshusha Juliana, amelazwa kwenye kiti cha nyuma kwa mito, mkono wake umeshika mkono wa Mwanvita. Ukungu ulikuwa mzito na utelezi mkubwa, lakini gari lilitii kila lilipoambiwa. Hospitalini, wauguzi walimpokea kwa kiti cha magurudumu. Daktari alimpima, akaamuru apelekwe chumba cha upasuaji bila kungoja zaidi, kwa kuwa damu ilikuwa imeanza kuonekana.

Mwanvita na Mzee Dadi walikaa kwenye benchi la ukumbini. Hatimaye muuguzi alitoka akitabasamu.

"Baba Juliana? Mmepata mtoto wa kike. Mama na mtoto wote wazima. Mngechelewa mlimani, tungekuwa tunazungumza mengine."

Mzee Dadi alimgeukia Mwanvita, akamshika mikono yote miwili, ile yenye michubuko, na machozi yakamtiririka bila aibu.

Alasiri hiyo Mwanvita alikwenda kwa Mikaeli, kwa njia fupi, kurudisha soketi. Mafundi walikuwa wakila ugali na mboga, na Yakobo mwenyewe ndiye aliyempisha kwenye mkeka. Alipowapa habari za mtoto, walipiga makofi. Mikaeli alisukuma soketi ile nyuma kuelekea kwake.

"Ikae kwako. Mimi siwezi tena kuzifikia zile za nyuma. Gari la namna hiyo likija hapa, nitalileta Mafiga."

Na ndivyo ilivyokuwa. Hadi leo, Morogoro nzima inajua ni wapi pa kupeleka gari lililoshindikana, na wengi hudhani kwamba siri ya fundi yule ni kifaa cha ajabu alichonacho. Mwanvita akiulizwa hucheka tu, kwa maana yeye anajua alichokilipia: mgongo wake juu ya injini, na magoti yake mbele ya mwalimu aliyemkosea. Kilicho mvunguni hakimpandii mtu kitandani. Anayekitaka, sharti ainame.